Miaka 29 Juu ya Kilima cha Rabai

Johannes Rebmann amekaa vitabuni mwetu kwa sababu ya siku moja. Mei 11, 1848, akiwa safarini kuelekea Uchagani, aliona kitu cheupe juu ya mlima, akakidhania wingu. Kiongozi wake alipoulizwa kile ni nini, alikiita kwa neno moja tu: baridi. Mzungu akajua hapo kwamba anatazama theluji, nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta. Tangu hapo limekuwa swali la mtihani. Nani Mzungu wa kwanza kuuona Kilimanjaro? Mwanafunzi anajibu, anapata alama yake, mambo yamekwisha. Wachagga waliokuwa wakiutazama mlima huo kila kunapokucha hawaulizwi chochote.

Lakini huyu mtu alifika pwani ya Mombasa Juni 1846 na kuondoka 1875. Miaka 29 hiyo, zaidi ya siku elfu kumi. Nyingi kati ya siku hizo alizimaliza juu ya kilima kimoja, miongoni mwa watu ambao kwa muda mrefu hawakuwa na haja kubwa na habari alizowaletea. Hapo alimleta mke, akazika, akafungua kamusi na kuzifunga, akafundisha hadi macho yakamwishia. Siku zile elfu kumi hakuna anayezitungia swali la mtihani.

Rabai si mbali. Ukitoka Mombasa kwa barabara kuu ya Nairobi, unapanda hadi Mazeras, kisha unaiacha lami ya malori na kushika barabara ya Kaloleni. Upepo unabadilika. Minazi ipo, miembe ipo, na vilele vya misitu ya kaya vinaonekana, ile misitu ya Wamijikenda ambayo UNESCO iliitia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Katikati ya Rabai kuna kanisa la Mtakatifu Paulo lililojengwa 1887, kuna shule, na kuna jengo la zamani ambalo leo ni makumbusho. Makumbusho hayo yana jina la Ludwig Krapf, na hadithi ya Rebmann haisimuliki bila kupitia kwa mtu huyu.

Krapf alikuwa Mjerumani wa Württemberg, mtoto wa mkulima, aliyetumwa na shirika la Kianglikana la Uingereza, CMS. Miaka yake ya mwanzo aliipitisha Ethiopia, akafukuzwa. Mwaka 1842 alimuoa Rosine Dietrich huko Misri, na bibi harusi huyo hakupata fungate, alipata jangwa. Walipokuwa wakijaribu kurudi Ethiopia kupitia Massawa, Rosine alijifungua njiani mtoto wa kike ambaye hakuishi. Walimwita Eneba, neno la Kiamhara lenye maana ya chozi.

Mlango wa Ethiopia ulipofungwa kabisa wakageukia kusini. Januari 1844 walifika Unguja, na Seyyid Said, Sultani Mwislamu, akampa yule mhubiri Mkristo barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake wa pwani ili wampokee kwa wema. Jambo hili wanahistoria hulitaja haraka na kupita, ingawa lingefaa kukaliwa kidogo. Bila karatasi ile ya Unguja kusingekuwa na Rabai. Na huko Mombasa, Krapf alipoanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili mwezi wa Juni mwaka huo, aliyemfungulia lugha hakuwa mchungaji mwenzake. Alikuwa msomi wa Kiislamu wa mjini. Sura za mwanzo za tafsiri hiyo zilichapishwa Marekani mwaka 1847 katika jarida la wataalamu wa lugha za Mashariki, na ni miongoni mwa maandishi ya mwanzo kabisa ya Kiswahili kupigwa chapa kwa herufi za Kilatini. Kiswahili chenyewe kilikuwa kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu siku nyingi, tenzi kwa tenzi. Krapf alilijua hilo vyema, kwani alipeleka miswada ya tenzi hizo Ujerumani.

Julai 1844, mwezi mmoja baada ya kuanza ile tafsiri, homa iliingia nyumbani. Rosine alikuwa amejifungua tena, mtoto wa kike tena. Mume alikuwa kitandani hajiwezi. Rosine akafariki, na siku chache baadaye kichanga kikamfuata mama yake. Walizikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa bara, Nyali ya leo, kwa sababu Rosine mwenyewe alikuwa ametaka alazwe katika ardhi ya watu waliowafuata, ili wapitao wauone udongo ule na kuuliza. Leo wapitao ni wengi sana, na majumba ya kifahari yamejaa pande zote.

Krapf aliandika kuwaeleza waliomtuma kwamba kaburi lile ni ishara ya kazi kuanza. Maneno hayo yamerudiwa katika mahubiri mengi. Binafsi huwa nafikiri zaidi juu ya hesabu iliyo nyuma yake: chini ya miaka miwili ya ndoa, mimba mbili, makaburi matatu. Mashirika ya siku hizo yalijua kwamba pwani hii inaua. Quinine ilikuwapo lakini matumizi yake hayakueleweka vizuri, na hakuna aliyejua kwamba mwenye kosa ni mbu. Waliendelea kutuma watu, na watu wakaendelea kukubali kutumwa, wanaume kwa wanawake.

Rebmann alikuja miaka miwili baadaye, naye wa Württemberg, kijiji cha Gerlingen, umri miaka 26. Agosti 1846 yeye na Krapf walipanda Rabai kwa makao ya kudumu, wote wawili wakiwa na homa, wakipokezana kujikongoja na kubebwa na punda. Wazee wa Rabai walikuwa wamewaruhusu kujenga. Mahali penyewe paliitwa Rabai Mpia, yaani mpya. Wamisionari waliwaita wenyeji wao Wanyika, watu wa nyika, jina walilolikuta midomoni mwa watu wa mjini na ambalo wenyewe hawalipendi. Leo tunasema Warabai, mojawapo ya mbari tisa za Mijikenda.

Shule ilianza karibu sawia na mahubiri, na ndiyo inayotajwa mara nyingi kuwa shule ya kwanza ya kimisionari katika nchi ambayo sasa ni Kenya. Tusijidanganye lakini kwa picha ya madarasa yaliyojaa. Mtoto wa Rabai alikuwa na kazi: mbuzi, shamba, kuwafukuza ndege wasile mahindi. Alikuwa pia na shule yake, kaya, ambako wazee walifundisha mila, dawa, mipaka na viapo, na aliyehitimu huko alipewa heshima inayoonekana. Huyu mgeni mwenye vitabu aliahidi nini? Herufi. Na herufi wakati huo hazikununua jembe wala kulipa mahari. Wazazi wakataka kujua watapata nini, kitambaa, mchele au shanga, wakiwatoa watoto wao wakae kwenye kivuli cha mzungu. Wamisionari waliliona hilo kuwa uroho. Mimi naliona swali la busara kabisa, ambalo mzazi yeyote angelimuuliza mwenye shule ya kulipia leo.

Aliyekuja wa kwanza hakuwa na shamba wala mbuzi wa kumzuia. Mringe alikuwa mlemavu, maskini, mtu ambaye kijiji kilikuwa kimeshamhesabu pembeni. Alikuwa na wakati wa kusikiliza, akasikiliza, akajifunza, na akabatizwa akiwa mahututi. Krapf alikuwa ameota kuwabatiza wafalme. Akapata Mringe.

Hapo ndipo mabwana wawili walipoachana njia, ingawa bado walikula meza moja. Krapf alikuwa mtu wa ramani. Aliona mnyororo wa vituo vya misheni kutoka Mombasa kukata bara zima hadi Atlantiki, kituo baada ya kituo, na kila alipotazama kilima kimoja akili yake ilikuwa kilima cha tatu. Desemba 1849 ndiye aliyeuona mlima Kenya kutoka Ukambani. Rebmann naye alitembea: alikwenda Uchagani mara tatu, mara ya kwanza akiwa na mwavuli badala ya bunduki, na watu wakamcheka. Safari ya tatu ilimponza, kwani Mangi Mamkinga wa Machame alimpokonya karibu kila alichobeba. Alirudi Rabai mikono mitupu, na inaonekana alirudi pia na uamuzi. Safari basi. Kukaa mahali pamoja, kujifunza lugha hadi mwisho wake, kulima, kungoja.

Wakubwa wake London hawakufurahishwa sana. Mhubiri anayezunguka ana habari za kuandika kila mwezi, na msomaji wa jarida la misheni kule Ulaya hutoa sadaka akisoma habari za simba na theluji. Mhubiri anayekaa huandika nini? Kwamba amepata neno la Kirabai lenye kufaa kwa dhamiri? Krapf aliondoka 1853, afya imeharibika. Mwenzao Jakob Erhardt akaondoka 1855. Rebmann akabaki, na kwa bahati hakubaki peke yake.

Mwaka 1851, alipokuwa Misri, alikuwa amemuoa Emma, Mwingereza aliyekuwa katika kazi ya misheni huko. Waandishi wengi humtaja Emma kwa sentensi moja: aliolewa 1851, akafa 1866. Katikati kuna miaka 15. Nyumba ya misheni Rabai ilikuwa darasa, zahanati, baraza na jiko kwa pamoja, na anayejua nyumba kama hiyo anajua ni nani anayeishikilia isianguke. Mwanamume mgeni hakuweza kuingia jikoni kwa mama wa Kirabai na kukaa naye. Mke wake aliweza. Mwaka 1854 walipata mtoto wa kiume, Samuel. Aliishi siku chache tu. Hawakupata mwingine.

Uniruhusu niseme jambo ambalo si la kitaalamu. Familia mbili za kwanza za misheni katika mwambao huu, Krapf na Rebmann, zilizaa watoto watatu kati yao na hakuna hata mmoja aliyefikia umri wa kutambaa. Rebecca, mke wa mchungaji Thomas Wakefield wa Wamethodisti wa Ribe, jirani na Rabai, naye alikufa 1873 baada ya kujifungua. Tunapoandika “familia ya mmisionari” tunafikiria picha ya baba, mama na watoto wamepangwa mbele ya veranda. Hapa picha hiyo haikupigwa kamwe.

Sasa kuhusu kukaa. Mwenye kukaa, wageni humjia. Rebmann na Erhardt waliwahoji wasafiri wa misafara, Waswahili na Waarabu waliokwenda bara, juu ya maji makubwa yaliyoko ndani. Erhardt akachora ziwa moja kubwa mno, lenye umbo la konokono asiye na gamba, ramani iliyochapishwa katikati ya miaka ya 1850. Ilikuwa na makosa makubwa, maana maziwa ni matatu, wala si moja. Lakini ni ramani hiyo iliyowasha wataalamu wa jiografia London wakawatuma wapelelezi Burton na Speke. Januari 1857 hao wawili walipanda Rabai na kumsihi Rebmann afuatane nao. Hebu fikiria: mtu anaombwa kuingia katika historia mara ya pili, kwa gharama ya wengine. Rebmann akakataa. Muda mfupi baadaye Wamasai walishambulia eneo hilo, na yeye na Emma wakalazimika kukimbilia kisiwani Mombasa kisha Unguja. Walirudi 1859 na kuanza upya.

Mgeni mwingine niliyempenda zaidi katika habari hizi ni Salimini. Huyu alikuwa mtumwa Mombasa, aliyetekwa kutoka pande za Ziwa Nyasa, mamia ya maili kutoka hapo. Rebmann aligundua kwamba ndani ya mtu huyo kuna lugha nzima ambayo hakuna Mzungu aliyeiandika. Akakaa naye, neno baada ya neno, miaka. Kazi hiyo ilitoka kitabu mwaka 1877, kamusi ya lugha ya Kinyasa, Rebmann akiwa ameshafariki. Bila kukanyaga Malawi ya leo, kwenye kibaraza cha pwani ya Kenya, akaandika mojawapo ya kamusi za kwanza za lugha ya Malawi, kwa sababu mtu aliyeuzwa kama bidhaa hakuisahau lugha ya mama yake. Jina la Salimini halikuwekwa kwenye jalada.

Kamusi ya Kiswahili nayo ilipitia nyumba ile. Ile kubwa iliyotoka 1882 ina jina la Krapf, ambaye alikuwa amekufa mwaka mmoja kabla, lakini Rebmann aliifanyia kazi nyingi. Msingi wake ni Kimvita, Kiswahili cha Mombasa. Baadaye wakubwa wa serikali na elimu waliamua kwamba Kiunguja ndicho kiwe sanifu, na Wamombasa hawajawasamehe hadi leo. Mwenye kutaka kusikia Kimvita cha karne ya 19 kabla ya usanifishaji bado hufungua kitabu hicho cha mzee wa Württemberg.

Na kanisa? Polepole, kwa kasi ya mnazi. Mzee mmoja, Abe Gunja, alikuwa amesikiliza tangu siku za Mringe. Aliendelea kusikiliza miaka kumi hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 1860 akabatizwa, akapewa jina Abraham, na mwanawe Nyondo akawa Isaac. Emma aliona hayo kabla hajafariki mwaka 1866. Mume wake akabaki juu ya kilima, macho yakianza kufifia, akiwa na waumini wa kuhesabika kwa vidole.

Kisha mambo yakageuka, na aliyeyageuza si Rebmann. Waingereza walikuwa wakikamata majahazi ya watumwa baharini, na baadhi ya watoto waliookolewa walipelekwa India, kwenye shule ya misheni karibu na mji wa Nasik. Wakasoma, wakajifunza useremala na uhunzi. Kuanzia miaka ya 1860 baadhi yao walirudishwa Afrika, wakaitwa Wabombei. William Jones na Ishmael Semler walikuwa miongoni mwao, nao walifika Rabai. Hawa waliwafundisha watu wa hapa kwa namna ambayo Rebmann hakuweza hata kama angekaa miaka mia, kwa kuwa walipofika darasani hawakuhitaji kueleza utumwa ni nini. Mwaka 1885 Askofu Hannington aliwawekea mikono kuwa mashemasi.

Mkataba wa 1873 ulipofunga soko la watumwa la Unguja, CMS ilijenga Frere Town upande wa bara wa Mombasa, si mbali na kaburi la Rosine, kuwapokea walioachiliwa. Kengele yake bado ipo, na matatu hushusha abiria Kengeleni bila wengi wao kujua kengele yenyewe ni ipi. Ni huko kulikotoka James Juma Mbotela, mwandishi wa Uhuru wa Watumwa, kitabu cha mwaka 1934, ambaye mwanawe Leonard alituuliza redioni miaka na miaka kama huu ni ungwana. Rabai nayo ilifurika watumwa waliotoroka mashamba ya pwani. Jones, aliyekuwa kiongozi pale, hakuwafukuza. Mabwana wenye watumwa walipokuja juu, kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ikalazimika kulipa fidia, na siku ya Januari 1, 1889 zaidi ya watu 1,400 wakapewa hati zao za uhuru palepale Rabai. Kanisa la Mtakatifu Paulo lilikuwa limesimama miaka miwili tu. Lilijengwa na jamii hiyo, na lilihitajika, maana hawakutosha tena kwenye kibaraza.

Rebmann hakuona kanisa hilo. W. S. Price, aliyekuja kuanzisha Frere Town mwishoni mwa 1874, alimkuta mzee karibu kipofu kabisa, akiwa bado ameinamia makaratasi ya kamusi ambayo hakuweza kuyasoma. Walimshawishi arudi kwao. Katika miaka 29 hakuwa amekanyaga Ulaya hata mara moja.

Aliyekwenda naye ni Isaac Nyondo, yule mwana wa Abe Gunja. Mzee hakuwa na mtoto wa kumshika mkono, Samuel alikuwa udongoni tangu 1854, kwa hiyo kijana wa Rabai akamshika. Walipanda meli pamoja mwaka 1875, wakafika Uingereza, kisha Ujerumani, hadi Korntal, kijiji kilicho jirani na Gerlingen alikozaliwa Rebmann. Krapf alikuwa akiishi hapohapo Korntal, na wazee wawili waliobishana juu ya minyororo na vilima wakawa majirani tena. Rebmann alioa mke wa pili huko, akafa Oktoba 4, 1876. Barafu mojawapo ya Kilimanjaro ina jina lake, nayo inayeyuka.

Mwanamume wa Kirabai aliyekuwa hajawahi kuiona Ujerumani ndiye aliyemwelekeza Mjerumani njia ya kwao, akimtajia hapa pana ngazi, hapa pana maji. Walisemezana Kirabai. Nyondo alipomaliza kazi hiyo alirudi Rabai.